Tulivyowakalisha Wanamuziki Ruhuwiko

Jumapili ile nilitoka nyumbani mara tatu na kurudi mara mbili. Mara ya kwanza nilifika kwenye kona nikakumbuka kwamba sijabeba kanda, nikarudi. Mara ya pili kanda ninayo mkononi, lakini nikasimama katikati ya njia nikajiuliza, hivi wewe mwanamke una akili kweli? Nikarudi tena, nikanywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo, nikaubamiza mlango kana kwamba mlango ndio ulionikosea. Mara ya tatu nikaenda. Siku hizo sikuwa natulia. Nakaa nasimama, nasimama nakaa, na aliyethubutu kuniuliza nina nini alijibiwa vibaya.

Nilichokuwa nacho ni hiki: sikio langu la kushoto lilikuwa limekufa, na hakuna mtu aliyejua. Na kule Ruhuwiko nilikokuwa nakwenda, watu walikuwa wananisubiri kwa sababu ya masikio yangu.

Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko la Songea. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vimeanza kuingia. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya betri, na ukifika mbele unaambiwa betri huzipati mpaka uchukue na jembe, ghafla tukaanza kuona redio za milango miwili ya kanda, dek za kurekodia, spika kubwa kama kabati, zote zimetoka Dubai kwenye makontena. Mimi nilikuwa na dek mbili na amplifaya ndogo. Mtu analeta kanda tupu na orodha ya nyimbo, mimi namrekodia. Nasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti kila asubuhi, simkatii mtu wimbo mwishoni, na kanda yangu ikikwaruza unarudisha, narekodi upya bila maneno. Watu walitoka mpaka Maposeni, wakapita vibanda vinne, wakaja kwangu. Walisema yule dada ana sikio. Na kweli nilikuwa nalo, sijisifu. Nilikuwa nayo mawili.

Halafu masika ile nikaugua malaria, ile mbaya, ya kuongea peke yako. Nikachomwa kwinini. Masikio yakavuma kama mashine ya kusaga, na hilo halikunitisha, maana nani hapa kwetu masikio yake hayajawahi kuvuma kwa kwinini? Ni jambo la kawaida kama vumbi la kiangazi. Kila niliyemwambia alisema, "Kwinini hiyo, itatoka, kunywa maziwa." Nikanywa maziwa. Mvumo ukatoka sikio la kulia.

Siku niliyorudi kibandani nikawasha dek, nikavaa hedifoni zangu za kazi, upande wa kushoto kimya. Nikasema aah, waya umekatika. Nikafungua, nikachomelea upya. Kimya. Nikasafisha hedi, nikabadilisha dek. Kimya. Nikaanza kuwatukana Wachina, Wahindi na wote waliowahi kushika risasi ya kuchomelea. Mwisho nikafanya lile ambalo fundi yeyote angelifanya kwanza: nikazigeuza hedifoni, ya kushoto nikaiweka kulia. Upande uliokufa haukuhama. Ulibaki palepale, kushoto kwangu. Mama yangu! Nilikaa kwenye kistuli nikiwa nimezivaa kinyume mpaka kanda ikafika mwisho.

Ningekwenda hospitali, lakini sikwenda. Niliogopa kuambiwa. Nikajiambia ni kwinini, itatoka, na miezi ikapita nikijiambia hivyohivyo. Kazi niliendelea nayo kwa kuangalia mishale. Dek zangu zilikuwa na mishale miwili inayochezacheza kufuata sauti, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, basi nikawa nasikiliza kulia kwa sikio na kushoto kwa macho. Hakuna mteja aliyelalamika. Lakini roho ilikuwa juu, kila siku juu.

Sasa hawa watu wa Ruhuwiko. Walikuwa wanaume sita au saba waliorogwa na vyombo vya muziki. Mwenyeji wao alikuwa ofisa wa maji, mtu mzima, mzaliwa wa Tanga, aliyehamishiwa Songea na serikali akakaa mpaka akasahau kuomba uhamisho. Alikuwa na amplifaya ya zamani ya taa, ile ambayo ndani yake taa zinawaka nyekundu na lazima uisubiri ipate moto ndipo iimbe. Huyo mzee aliwahi kuja kibandani na kanda aliyorekodi mwenyewe, nikasikiliza nusu dakika nikamwambia, "Mzee, hedi ya dek yako imeinama kidogo." Akaenda akaifungua, akakuta kweli. Jumapili iliyofuata akanialika. Wale wengine walinuna, mwanamke anakuja kutafuta nini hapa? Baada ya mwezi walikuwa hawanunui hata sindano ya gramafoni bila kuniuliza.

Walikuwa na mchezo wao, waliuita kukalisha. Unakalishwa kwenye kigoda ukitazama ukuta, unavaa hedifoni, unafunikwa khanga kichwani usione kitu. Wimbo ukianza, unanyoosha mkono kuonyesha kila mwanamuziki amekaa wapi: solo huyu hapa, rizimu yule kule, besi katikati, tumba nyuma kidogo. Wenzako kanda wanaijua, wanakusahihisha. Chombo kibovu kinawarundika wanamuziki wote pamoja. Chombo kizuri kinakukalishia kila mtu kwenye kiti chake. Ndivyo walivyopima hedifoni, amplifaya na watu pia. Hakuna kusema neno wimbo ukipigwa. Ukikohoa, unatoka nje.

Wiki ile kabla, alikuja kibandani mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mwenzetu wa Ruhuwiko, mtu wa upande wa Mbinga. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua kahawa, naye mambo yakamnyookea. Akaniambia, "Dada, nafungua studio. Ya kwanza hapa mjini. Kwaya zetu zinasafiri mpaka Dar kurekodi, kwa nini? Vyombo nimeshaleta. Jumapili tunavijaribu kwa mzee. Nataka wewe ndiye ukae kwenye hedifoni, uwe fundi wangu wa studio." Nilimwambia nitafikiria. Nitafikiria nini? Nilikuwa nimeitamani kazi hiyo tangu nikiwa binti, kabla hata sijajua kwamba ni kazi. Nilipofunga kibanda jioni ile nilizunguka soko zima nikiongea peke yangu.

Basi Jumapili nikafika. Watu walishatoka misa ya pili, mwenyeji naye alishaswali adhuhuri, viatu vimepangwa mlangoni, chai ya tangawizi inanukia. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo," akaniitikia marahaba kwa upole wake ule, akanikaribisha mbele. Mfanyabiashara alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka akifungua maboksi kama anazalisha. Akatoa amplifaya nyeusi, nzito, mtu mmoja haibebi. Akatoa hedifoni. Lo! Ngozi laini ya kweli, vikombe vikubwa vinavyomeza sikio lote, waya mnene unaotokea kikombe kimoja tu, cha kushoto. Mwalimu mmoja wa sekondari, mpiga gitaa, alizipokea kwa mikono miwili akazinusa.

Mwalimu alijaribu kwanza. Alipofunuliwa khanga alikuwa na machozi, na hakuona haya. Akasema, "Jamani, nimesikia mtu anavuta pumzi kabla ya kuimba." Mwingine akajaribu, akacheka peke yake ukutani kama mwehu. Kila mtu pale alipewa kitu siku ile, na mimi nilijua nitapewa nusu.

Zamu yangu ikafika. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Desturi yetu kila mtu anakuja na kanda yake, nami nilikuja na kanda ya dansi niliyowarekodia watu labda mara mia mbili. Wale wanamuziki nilijua walipokaa kuliko ninavyojua sahani zangu kabatini. Nikajivika zile hedifoni harakaharaka kabla mtu hajanisaidia, mke wa mzee akanifunika khanga, na muziki ukaanza.

Kwenye sikio langu zima gitaa la rizimu likanijia karibu mno, wakati upande ule nilizoea kulisikia solo. Nikashtuka kidogo. Kisha nikajijibu mwenyewe: hivi ni vyombo vya kifahari, vina namna yake ya kuleta vitu karibu, wewe ulizoea mkweche. Hayo ndiyo mawazo yangu, mimi niliyemkosoa mzee kwa hedi iliyoinama! Nikaachana na kilichokuwa kinapigwa, nikaanza kufuata kanda niliyokuwa nayo kichwani. Nikanyoosha mkono kulia: solo. Kushoto: rizimu. Nikaweka besi katikati, nikampeleka mpiga tumba nyuma, nikamwonyesha mpiga saksafoni anavyoingia kutoka kulia kabla hajaingia. Nyuma yangu nikahisi sakafu inatikisika, watu wanapiga miguu kwa furaha maana kusema hawaruhusiwi.

Wimbo ulipokwisha wakalipuka makofi. Mfanyabiashara akasema, "Mmeona? Mimi sitafuti mtu mwingine." Mzee ndiye aliyenifunua khanga. Akasita. Akaangalia bega langu la kulia, ulipokuwa unaning'inia ule waya mnene wa kikombe cha kushoto, kisha akazivua taratibu akazizungusha mkononi kabla mtu mwingine hajaona. Alisema tu, "Mwanangu, njoo nje unitazamie waya wa ethi, ule uliozikwa ardhini, umeme wa leo siuamini."

Nikatoka naye nikiwa juu kwa juu. Studio! Nilikuwa nawaza kibanda nitamwachia nani. Tulitembea kuzunguka nyumba, yeye akiwa upande wangu wa kushoto, nikaenda nikafika kwenye ukuta, nikageuka, nikamkuta amesimama hatua tano nyuma ananitazama. Akaja akanizunguka, akasimama kulia kwangu.

"Nimekuita mara tatu," alisema. "Tangu lini?"

Nikamjia juu. Aibu ikinibana mimi huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia, "Mzee, kwani wewe daktari? Nilikuwa na mawazo yangu. Mtu haruhusiwi kuwaza?"

"Ulizivaa kinyume, mwanangu. Solo lilikuwa kushoto, wewe ukalionyesha kulia."

"Na hao wote waliopiga makofi ni viziwi?"

"Hao walikuwa wanaitazama kanda wanayoijua. Hawakuwa na hedifoni kichwani. Wewe ndiye uliyekuwa nazo."

Nikaanza kutembea, nikaenda mpaka kwenye migomba, nikarudi, nikaenda tena. Nikamweleza yote kwa hasira, kwinini, maziwa, mishale, kana kwamba yeye ndiye aliyenichoma ile sindano. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Nilitaka aniambie itatoka, kama walivyoniambia wote. Hakuniambia hivyo.

"Mimi sitasema," alisema. "Kumfedhehesha mtu si katika dini yangu, nitakusitiri. Lakini sitara yangu haiwezi kukusikilizia upande wa kushoto. Watakuja watu wa kwaya kutoka vijijini, wameacha mashamba yao, wataimba kutwa mpaka sauti zikauke. Kanda ikitoka ina mkwaruzo upande mmoja, wao wataujua wakishafika nyumbani. Utawaambia nini?"

"Nina mishale."

"Mshale unakuambia sauti ipo. Haukuambii kama ni nzuri."

Nilimchukia, nisiseme uongo. Nilimchukia kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimewaambia wateja wangu mwenyewe, walipotaka kununua redio kwa kutazama taa zinavyomulika. Nikasimama pale nikikwangua ukuta wa watu kwa kucha. Nilihesabu mambo. Ningeweza kunyamaza. Mwezi, miezi sita, mwaka hata. Kisha kila kwaya itakayoingia, nitakuwa nimekaa pale nikitetemeka, nikimwangalia kila mtu usoni kujua kama amesikia nisichokisikia. Nilikuwa nimeshaishi hivyo miezi minne na nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema lolote kuhusu kuchoka kwenyewe.

"Mzee," nikamwambia, "wewe ukiwa mimi ungefanyaje?"

"Mimi ningenyamaza," alisema. "Ndiyo maana nakuonea huruma." Akaingia ndani akaniacha.

Nilibaki nje muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Kisha nikaingia. Walikuwa wanabishana kuhusu spika, nikasimama katikati ya mkeka nikasema, "Jamani, mimi sikio la kushoto halisikii. Limekufa tangu masika. Nilichokifanya pale nilikifanya kwa kukumbuka."

Wakacheka. Wallahi walicheka! Mmoja akasema, "Anapandisha dau huyo, anataka mshahara." Mfanyabiashara akacheka zaidi, "Dada, sema tu unataka kiasi gani, usijitie uziwi." Unaweza kubeba jambo miezi minne kama maji moto mikononi, ukilimwaga watu wanadhani unawatania.

"Mwalimu," nikasema, "una kanda nisiyoijua?"

Alikuwa nayo, wanafunzi wake walioimba shuleni, alirekodi mwenyewe na hakuna aliyewahi kuisikia. "Iweke. Nivisheni nyinyi. Mkipenda zigeuzeni, mkipenda msizigeuze, msiniambie."

Nikakaa kwenye kigoda. Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu akanivisha, nikafunikwa khanga, nikasubiri gizani na harufu ya sabuni ya khanga puani. Wakaanza kuimba. Zile hedifoni sitawasahau waliozitengeneza. Nilisikia watoto wanne, watano, kila mmoja na koo lake, nikasikia mmoja anameza mate, nikasikia gitaa linaguswa kabla ya kupigwa. Vilikuwa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia maishani mwangu, na vyote vilikuwa vimesongamana kwenye sikio moja kama abiria wanaogombea mlango. Nikainua mkono wa kulia nikaonyesha. Kulia. Wa pili, kulia. Gitaa, kulia. Nikaendelea kunyoosha mkono ule ule upande ule ule mpaka ukachoka, nikauteremsha mapajani, na wimbo ulikuwa bado. Nikalia humo ndani ya khanga. Sikulia kwa ajili ya studio wakati huo, nililia kwa kuwa nilitaka kuwasikia wale watoto wa upande wa pili, nikawa siwezi.

Waliponifunua, chumba kizima kilikuwa kinaangalia mkeka. Mwalimu alizivua hedifoni kichwani pangu kwa uangalifu kama anamvua mgonjwa fulana. Mke wa mzee akanipa kikombe cha chai, nikakishika tu.

Mfanyabiashara alikuwa amekaa kushoto kwangu. Niliona midomo yake inacheza, sikusikia. Nikamgeukia.

"Nimesema pole," alirudia. Kisha akaongeza: "Dada, studio ni masikio mawili."

"Najua. Ndiyo maana nimesema."

"Itabidi nimwombe mwalimu."

"Mwombe. Ana sikio zuri." Ilikuwa kweli, na ilinichoma kuisema.

Akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya yule, tena nilimwona anaumia. Akaniuliza, na kwa namna alivyouliza nilijua hanilaumu, anataka kujua tu: "Lakini kwa nini hukuniambia wiki jana, nilipokuja kibandani?"

"Ningekuambia," nikasema, "ungeniita hapa leo?"

Akafikiri. Wengine wote walimtazama, nadhani walitaka adanganye. Aliinuka kwenye kiti chake, akapita mbele yangu, akaja kuchutama upande wangu wa kulia, akaniinamia sikioni ili nisihangaike kumsikia.

"Nisingekuita, dada yangu."